Maji ya Mars tumeshayajua, sasa tuulize wenyeji wake

Kila habari ya sayari ya Mars ikitoka, jamaa zangu hapa Goma wananitumia ku WhatsApp na swali ni lilelile, eti maji wamepata ao bado? Jamani, hilo swali limezeeka. Mwaka 2008 chombo Phoenix kilichimba udongo karibu na ncha ya kaskazini kikakuta barafu, alafu lile bonde la Jezero pale roboti Perseverance ilitua Februari 2021, upana wake kilomita 45 hivi, zamani sana lilikuwa ziwa, mto ulikuwa unamwaga tope mule na tope lenyewe liko mpaka leo limegeuka mawe. Maji yalikuwako. Mi nataka kujua kama yalikuwa na wenyeji.

Na hapa watu wa Kivu tuna la kusema. Juu ya ziwa letu Kivu kuna sambaza, samaki wadogo, tunazila kila siku, lakini ukishuka mita 60 na kitu oksijeni imeisha, samaki hakuna hata mmoja, na ziwa bado linaenda chini mpaka karibu mita 480. Utasema kule ni kaburi. Kumbe hapana! Mule gizani kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinaishi bila oksijeni kabisa, vinachukua gesi ya kaboni inayotoka ku volkano (ndugu yake na ile mazuku inayotuulia watu ku mashimo) pamoja na mabaki yanayozama kutoka juu, vinatoa gesi inayowaka inaitwa metani, na hiyo metani ni nyingi mpaka wenzetu wa Rwanda kule Kibuye wanaivuta wanafanyia umeme. Viumbe vyenyewe hujawahi kuviona, ila gesi yao inawasha taa.

Sasa roboti Curiosity, iliyotua mwaka 2012, imenusa metani kidogo sana kule Mars, tena inapanda na kushuka kwa majira. Niliposoma hiyo nilifikiria Kivu palepale. Lakini tuseme kweli, chombo cha Ulaya na Urusi, Trace Gas Orbiter, kimeitafuta kutoka juu hakikuiona, na hata mawe yakikutana na maji yanaweza kuitengeneza bila kiumbe chochote, kwa hiyo gesi peke yake haitoshi.

Njo maana moyo wangu uko ku lile jiwe Perseverance ilikuta kule Mars mwaka 2024, wameliita Cheyava Falls, liko na madoa kama ngozi ya chui, na ndani yake kuna madini ambayo hapa kwetu Duniani mara nyingi yanapatikana kwenye tope lenye vitu vinavyooza na vijidudu vinavyokula mule. Septemba 2025 NASA, shirika la anga la Amerika, walisema inaweza kuwa alama ya uhai wa zamani, hawakusema ni uhai, na walifanya vizuri sana.

Kinachoniuma ni kwamba kipande cha jiwe hilo kimefungwa ndani ya mrija na bado kiko kulekule. Siku moja pengine utaletwa, na mi natamani wanafunzi wetu wa kemia na biolojia waanze sasa, washushe chupa mita 300 ndani ya Kivu, wajue kutenganisha metani ya vijidudu na metani ya mawe, ili siku ya kufungua ule mrija mtu mmoja pale mezani awe ametoka Goma.