Kwenye ripoti mpango upo, zahanati je?

Mi nina ugomvi na hizi ripoti za sekta ya afya na mabadiliko ya tabianchi. Nyingi zinahesabu makaratasi: nchi ina mpango au haina, kamati ipo au haipo, watu wangapi wamekaa semina (na posho wamekula). Shirika la Afya Duniani (WHO) walivyouliza mwaka 2021, nchi 49 kati ya 95 zilisema zina mpango au mkakati wa afya na tabianchi. Sisi Tanzania tulikuwa nao, ule wa 2018 mpaka 2023. Haya. Aprili 2024 Rufiji ikajaa maji, na mikoa mingine pia, Waziri Mkuu akasimama bungeni akasema watu 155 wameshafariki nchi nzima na zaidi ya laki mbili wameathirika, sasa niambie ni ripoti ipi mwananchi wa kawaida angesoma zahanati ngapi zilifungwa, kwa siku ngapi, friji ya chanjo ilihamishwa au ilizimika na mzigo ukaharibika maana chanjo nyingi zinataka nyuzi 2 mpaka 8, na mama mwenye uchungu alipelekwa wapi na kwa mtumbwi wa nani?

Alafu kuna hili la takwimu zenyewe, ndo linaniuma zaidi. Namba zetu zinaanzia kwenye vitabu vya MTUHA, yaani rejista za wagonjwa na huduma, nesi anajaza, mwisho wa mwezi anajumlisha, ripoti inaingizwa DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Zahanati ikizungukwa na maji mgonjwa hafiki, kipimo hakifanyiki, pengine hata ripoti yenyewe haitoki. Kwa hiyo anayeangalia grafu kule mjini anaweza kuona malaria imeshuka mwezi uleule ambao watu wamelala nje na mbu. Imeshuka kwenye kompyuta tu bana! Mgonjwa aliyekosekana kwa sababu hayupo na aliyekosekana kwa sababu hakuna njia, kwenye grafu wanafanana, na asiyejua atapongeza.

Ningekuwa na mamlaka nisingeleta kitabu kipya, manesi wana vitabu vya kutosha jamani, huko vijijini unakuta mtu huyohuyo anazalisha, anachoma sindano, anagawa dawa na kujaza rejista. Ningeongeza mstari mmoja kwenye ripoti ya mwezi: mlifunga au mlikatikiwa barabara siku ngapi kwa sababu ya mvua, joto au upepo. Basi. Ukiukusanya miaka mitano utajua zahanati ipi inazama kila masika, na utaacha kuipaka rangi kila baada ya mafuriko, utaihamisha. Najua kuhamisha ni kesi, zahanati nyingi zimeanza na nguvu za wananchi, watu wamebeba mawe na kusimamisha boma, eneo kijiji kilitoa bure, na eneo la bure mnajua linavyokuwa, mara nyingi ni lile ambalo hakuna aliyetaka kujenga nyumba yake.

Novemba 2025 kule Belém, Brazil, kwenye COP30, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, nchi zimepitisha viashiria 59 vya kupima nchi zinavyojiandaa na tabianchi, afya imo. Sawa, sipingi. Ila kiashiria cha dunia nzima lazima kiwe kipana ili Tanzania na Norway wote wakijaze, hakiwezi kukuambia chochote kuhusu Muhoro, kata ya kule Rufiji.

Cha kufuatilia mbona kipo na hakihitaji mtaalamu kutoka nje. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wanatoa utabiri wa masika kabla mvua hazijaanza. Je dawa mseto ya malaria, ORS ya kuharisha na klorini ya maji zilifika zahanati za bondeni kabla barabara haijakatika, au zilikuja baada, na helikopta na waandishi wa habari? Tarehe ya utabiri inajulikana, tarehe ya kupokea dawa iko kwenye leja ya stoo. Mganga mkuu wa wilaya aziweke hizo tarehe mbili pamoja, zahanati kwa zahanati, abandike pale mbao za matangazo za halmashauri tuzisome.