Tarehe ya kuzaliwa kwenye NIDA: nani arekebishiwe, na kwa ushahidi upi

Namba ya NIDA, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa Tanzania, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu ambaye namba yake inaanza na 19880701, kwa serikali amezaliwa tarehe 1 Julai 1988. Kama si kweli, kosa hilo atakutana nalo kila anaposajili laini ya simu, anapofungua akaunti benki, anapoomba TIN (namba ya mlipakodi) au pasipoti, na anapojaza maombi kwenye Ajira, mfumo wa kuombea kazi serikalini.

Juu ya marekebisho ya tarehe hiyo kuna kambi mbili. Moja inasema taarifa zangu ni zangu, zikiwa na kosa zirekebishwe, na urasimu upungue. Nyingine inasema ukilegeza kidogo tu, watumishi waliokaribia kustaafu watakuwa vijana ghafla, na waliovuka umri wa kuajiriwa watarudi nyuma miaka mitano. Zote mbili zinasema kweli. Kinachokosekana katikati ni kipimo. Ofisi zetu zimezoea kuhesabu nyaraka: cheti kipo, kiapo kipo, barua ya mtaa ipo, basi. Naona swali la maana zaidi ni hili: kila hati iliandikwa lini, na siku ilipoandikwa mwenyewe alikuwa na faida gani kwa tarehe ile?

Kwanza tuone makosa yalivyoingia. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, imetokana na sheria ya kikoloni ya mwaka 1920, na kwa miongo mingi Waafrika hawakulazimishwa kusajili watoto wao. NIDA ilipoanzishwa mwaka 2008 na vitambulisho vya kwanza kutoka mwaka 2013, sehemu kubwa ya watu wazima hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Karani aliuliza kwa mdomo, mtu akajibu anavyojua. Aliyejua mwaka tu akaandikiwa 1 Januari au 1 Julai. Kisha ukaja usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019 na mwisho wake ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Foleni za kutafuta namba ya NIDA zikawa ndefu, fomu zikajazwa na watu wengine juu ya kaunta za steshenari. Moja ikasomwa saba. Tarehe 3 Julai ikaingia kama 7 Machi. Mwaka wa mama ukaandikwa mahali pa mwaka wa mtoto.

Hayo ni makosa ya aina mbili, la karani na la makadirio, na yote mawili hayana hila. Aina ya tatu ni tarehe iliyotungwa. Kijana wa miaka 16 alijiongezea miwili apate namba, kwa sababu usajili ni wa waliofikisha miaka 18. Leo anataka irudi, maana matangazo ya ajira za vyombo vya ulinzi yana ukomo wa umri. Mwingine alijipunguzia, akijua matangazo mengi ya ajira serikalini yanataka mwombaji asiyezidi miaka 45. Watu wa aina zote tatu wanafika dirisha lilelile, wanaulizwa nyaraka zilezile, na hapo ndipo haki inapopotea: mkweli anasumbuliwa kama mjanja, na mjanja mwenye fedha ya kuandaa karatasi anapita kabla yake.

Wanaotaka ukali wana hoja nzito, na haifai kuipuuza. Mtumishi wa umma anastaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60. Akijipunguzia miaka mitatu, anapata mishahara ya miezi 36 zaidi na michango ya miezi hiyo, na kwa kuwa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kinahesabu miezi ya kuchangia, mkupuo wake wa siku ya kustaafu na pensheni ya kila mwezi vyote vinapanda. Nafasi ambayo kijana angeajiriwa inabaki imekaliwa. Serikali nayo imeumwa na nyoka: uhakiki wa mwaka 2017 ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Baada ya hapo hakuna ofisa anayeweza kulaumiwa kwa kukitazama cheti kipya mara mbili. Tena NIDA ndiyo nguzo ambayo benki, kampuni za simu, TRA (Mamlaka ya Mapato) na Uhamiaji wameegemea. Nguzo ikihamishwa kirahisi, mtu anaweza kuiacha mikopo yake upande wa tarehe ya zamani akaanza upya.

Upande wa pili nao una sheria mkononi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Aidha mwaka 2023 serikali iliondoa ukomo wa matumizi ya kitambulisho. Uamuzi huo ulipunguza usumbufu na ulistahili kupongezwa, lakini uliondoa pia ile siku ya miaka kumi ambayo kila mtu angerudi ofisini na taarifa zake zikapitiwa upya. Sasa kosa linakaa mpaka mwenyewe aliondoe.

Na hasara ya kosa humwangukia zaidi asiye na kitu. Zanzibar inalipa pensheni jamii kwa wazee waliofikisha miaka 70 tangu Aprili 2016. Bibi wa Micheweni mwenye miaka 71 aliyeandikwa 66 anangoja miaka minne fedha ambayo ni haki yake leo. Huyo hana cheti cha ubatizo, hana cheti cha darasa la saba, na kadi ya kliniki wakati anazaliwa haikuwapo. Ukimtaka alete nyaraka tatu, umemwambia asirudi.

Kwa wazee wa namna hiyo njia ipo, nayo ni kalenda ya matukio. Muulize Mapinduzi ya 1964 yalimkuta ameolewa au bado anacheza uwanjani. Wa Bara muulize Uhuru wa 1961, Azimio la Arusha la 1967, kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970, vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Linganisha na umri wa mtoto wake wa kwanza na wa ndugu waliomtangulia na kumfuata. Haitakupa siku, lakini itakupa mwaka kwa ukaribu unaotosha, na ni vigumu kuutunga uongo unaopatana na matukio matano na ndugu wanne. Kazi hii inataka ofisa mwenye nusu saa na kiti. Ni gharama ndogo ukilinganisha na kumnyima mzee posho miaka minne.

Kwa waliozaliwa baada ya hapo, turudi kwenye kile kipimo. Hati bora ni ile iliyoandikwa wakati hakuna aliyefikiria ajira wala pensheni. Kadi ya kliniki iko juu kabisa, ikiwa ina tarehe za chanjo zinazofuatana na mwandiko wa wauguzi tofauti. Kitabu cha ubatizo cha parokia ni kizuri sana, lakini angalia: cheti cha ubatizo anacholeta mtu mara nyingi kimetolewa juzi. Chenye nguvu ni kitabu chenyewe. Namba za waliobatizwa zinakwenda kwa mfuatano, na huwezi kuchomeka mtoto wa 1991 katikati ya ukurasa wa 1986. Omba namba ya kuandikishwa na nakala ya ukurasa huo iliyogongwa muhuri. Hata hivyo ofisi isikifanye cheti hiki kuwa sharti, maana familia za Kiislamu za Pwani, Tanga au Kigoma hazina kitu cha kulingana nacho. Kwao kitabu cha uandikishaji wa darasa la kwanza ndicho hubeba uzito, na shule nyingi za msingi bado zinavyo, makabatini kwa mwalimu mkuu.

Shule inatoa pia hesabu ya kupimia. Mtoto huanza darasa la kwanza akiwa na miaka saba hivi, wengi wa zamani hata tisa, na humaliza la saba akiwa na 13 au zaidi. Anayedai kuzaliwa 1992 wakati cheti chake cha darasa la saba ni cha 2001, anadai alimaliza akiwa na miaka tisa. Hapo hata cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, hakimwokoi.

Cheti cha kuzaliwa ndicho kinachopewa heshima kubwa dirishani, na ndicho chenye mtego. Kilichosajiliwa ndani ya siku 90 za kuzaliwa ni ushahidi wa kweli. Kilichosajiliwa mtu akiwa na miaka 34, wiki mbili kabla ya kwenda NIDA, kina nguvu ya zile nyaraka tu kilizojengwa juu yake. Kiko halali kisheria, lakini ofisa makini atatazama tarehe ya usajili chini ya tarehe ya kuzaliwa, na mwombaji makini atakwenda na nyaraka zile za msingi mkononi bila kungoja aulizwe.

Kwa utaratibu, anza RITA. Kama cheti chenyewe kina kosa, au huna, maliza hilo kwanza kupitia mfumo wa eRITA au ofisi ya RITA ya wilaya, ambayo kwa kawaida iko kwa Katibu Tawala wa Wilaya. Kwenda NIDA na cheti kinachopingana na hati nyingine ni kujiongezea kesi. Hakikisha majina ni yaleyale kila mahali: Mohamed kwenye cheti na Muhamadi shuleni, au majina mawili huku na matatu kule, huchelewesha maombi hata kama tarehe haina ubishi. Tofauti ya majina huondolewa kwa kiapo au hati ya kubadili jina. Hati hiyo haibadili siku uliyozaliwa, na wapo wanaolipia hati ya jina wakidhani imemaliza suala la tarehe.

Kinachofuata ni kiapo mbele ya hakimu au wakili ambaye ni Kamishna wa Viapo. Viapo vingi vinaanguka kwa sababu vina sentensi moja: "Nathibitisha kuwa tarehe yangu sahihi ni 3 Julai 1988." Hicho ni kauli tu, hakimthibitishii mtu chochote. Kiapo kinachofaa kinataja tarehe isiyo sahihi, iliyo sahihi, kosa liliingiaje na lini, na hati zipi za zamani zinazoonyesha iliyo sahihi, kila moja na mwaka wake. Akiwepo mzazi au ndugu mkubwa, naye aape kivyake kwa anayoyajua. Kuapa uongo ni kosa la jinai, na waapaji waelezwe hivyo kabla ya kutia saini.

Kisha ofisi ya NIDA ya wilaya, na fomu ya kubadili taarifa, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, nakala na nyaraka halisi. Malipo yakihitajika, lipa kwa namba ya malipo ya serikali tu. Anayekuomba utume kwenye simu yake anauza kitu ambacho si chake. Na kama fomu yako ya kwanza ina tarehe sahihi na mfumo una nyingine, omba fomu ile itolewe kwenye kumbukumbu. Hilo ni kosa la karani, na sioni kwa nini mwananchi alilipie.

Linabaki suala la namba yenyewe. Kwa kuwa tarehe imo ndani yake, kuna njia mbili tu, na kila moja ina maumivu. Namba ikibaki, mwenyewe atatembea na namba inayosema 1988 na kadi inayosema 1986, na kila kaunta itamuuliza. Ikibadilika, benki, laini za simu, TIN, bima ya afya na mfuko wa hifadhi ya jamii vyote vinabaki na namba iliyokufa mpaka aende kimoja kimoja. Namba ya utambulisho isingepaswa kubeba taarifa inayoweza kuwa na kosa. Ilivyo sasa, cha lazima ni mfumo kuhifadhi tarehe ya zamani na mpya pamoja, na sababu ya badiliko, ili mkopeshaji aone ni mtu yuleyule. Hapo hofu ya wanaotaka ukali hupungua sana.

Hofu ya kustaafu nayo ina dawa inayouma lakini inafanya kazi. Kadi irekebishwe kwa ukweli, ila kustaafu kuendelee kuhesabiwa kwa tarehe ya kuzaliwa mtumishi aliyoitaja alipoajiriwa mara ya kwanza. Atakayeumia ni mtumishi mkweli aliyeandikiwa vibaya siku ile. Kwake naona pawe na mlango mmoja: kosa lilalamikiwe mapema, miaka mingi kabla ya 55, na kwa hati iliyotangulia ajira. Anayekumbuka umri wake halisi akiwa na miaka 58 amechelewa, na sidhani kama serikali inawiwa kumsamehe.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Bila barua huna cha kupeleka mbele. Ukiwa nayo unaweza kuwaandikia makao makuu ya NIDA, kulalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, au kuomba mapitio ya kimahakama Mahakama Kuu, ambako ombi la ruhusa lazima liwasilishwe ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Ukikubaliwa, chukua uthibitisho wa maandishi wenye tarehe zote mbili na uanze na mwajiri na mfuko wa hifadhi kabla ya benki na simu, kwa sababu laini ikifungwa utaijua siku hiyohiyo, lakini michango iliyokwenda kwenye kumbukumbu isiyo yako unaweza kuigundua siku ya kudai mafao.