Panya wa Kuombwa na Panya wa Kujialika

Kituo kimoja cha kuhifadhi wanyama, huku ughaibuni ninakoishi, kilinipa fomu ya kujaza kabla ya kufikiria kunikabidhi panya wawili wa kufugwa ambao binti yangu aliwatamani. Waliuliza ninarudi kazini saa ngapi, nani atawatunza nikisafiri, kama nina paka, na kama nitamudu gharama za daktari wa wanyama. Mwenye nyumba niliyopanga hakuwahi kunihoji kiasi hicho. Nyinyi mnaomjua panya kuwa ni mgeni anayejialika, akatoboa magunia na kukesha akikimbia darini, mtaelewa nilivyokereka kutakiwa kuthibitisha kwamba ninamstahili.

Kero yangu haibatilishi maswali yao. Panya wa kufugwa huishi miaka 2 hadi 3 tu, hivyo anayempa mtoto panya ajiandae pia kumfariji mapema. Akiwekwa peke yake hunyong'onyea. Inapasa wawe angalau wawili, tena wa jinsia moja, kwa sababu jike huweza kushika mimba akiwa na wiki 5 hivi, na mimba yenyewe ni ya siku 21 hadi 23. Huchangamka jioni na usiku. Hilo humfaa mfanyakazi anayerudi magharibi, lakini ni adhabu kwa mwenye usingizi mwepesi anayelala chumba kimoja na tundu lao. Meno yao ya mbele hukua maisha yote, kwa hiyo watatafuna, na nyaya za umeme hazitasalimika wakitolewa nje bila kuangaliwa.

Linalowashinda wengi ni maradhi. Kifua cha panya ni dhaifu: bakteria wa mycoplasma humsumbua sana, na amonia ya mkojo katika tundu lisilosafishwa, au harufu kali ya maranda ya msonobari yanayotandikwa humo, humzidishia. Majike hupata uvimbe wa matiti mara kwa mara. Upasuaji mmoja waweza kugharimu mara nyingi ya bei ya mnyama mwenyewe, na hapo ndipo inapojulikana nani alikuwa akifuga na nani alikuwa akicheza.

Najua mtakachosema: huyu amevuka bahari, sasa anatetea hospitali ya panya. Sitetei. Tena ninajivunia kwamba sisi tunamjua panya bila kufundishwa; tunajua alivyo mwerevu, jinsi anavyokitilia shaka chakula kigeni na kukionja kidogo kidogo, ndiyo maana sumu zetu humpita. Wapo watu huku wanaombusu panya mdomoni, kana kwamba homa itokanayo na kuumwa na panya ni hekaya, nami huwatazama kwa mshangao uleule ambao mngekuwa nao. Wala msidhani nchi za ughaibuni zote zimempenda: jimbo la Alberta nchini Kanada limepiga marufuku hata kumfuga.

Ninachokipigania ni kidogo zaidi. Huku mtu huulizwa, kabla ya kumchukua mnyama, kama maisha yake yana nafasi kwa mnyama huyo. Kwetu mnyama huletwa kwanza, maswali yakafuata akishaugua, na hapo huwa tunalaumu mnyama. Je, kusema hivyo ni majivuno? Mbona hatuoni majivuno kumhoji mchumba wa mtoto wetu?

Basi anayetaka panya, huku au huko, na ajipime kwa jambo moja kwanza: kwa muda wa mwezi mmoja, atenge saa nzima kila jioni, maana huo ndio muda wa chini wanaouhitaji nje ya tundu kila siku, wakiwa na mtu. Mimi hujikuta kazini jioni nyingi kuliko nilivyodhani, na binti yangu nimemwambia hivyo. Amenuna, lakini bado hajanipa jibu la nani angewatoa.