Jina la Mtoto: Tusiwahukumu Wazazi Vijana Haraka

Bibi amempakata mjukuu wa siku tatu. Anamuuliza binti yake mtoto anaitwa nani, anatajiwa, anaomba atajiwe tena. Anajaribu kulitamka, ulimi unakwama. Mwishowe anasema, "Basi mimi nitamwita mjukuu wangu."

Ndiyo malalamiko ya wazee kwa ufupi: vijana wanaokota majina kwenye filamu na intaneti, wanaongeza herufi zisizo na kazi, na majina ya ukoo wanayatupa. Malalamiko haya yana uzito. Mtoto anayerithi jina la babu aliyefariki humfanya babu aendelee kuitwa nyumbani kila siku. Na jina lenye tahajia ya kubuni, mwenye kulipia ni mtoto: atalitaja herufi kwa herufi katika kila ofisi atakayoingia hadi uzeeni.

Lakini wanapoambiwa kwamba wao ndio wa kwanza kufuata mkumbo, vijana wanaonewa. Marekani wana takwimu za majina ya watoto kuanzia mwaka 1880, na ukizipitia utaona kila kizazi kilikuwa na mkumbo wake. Mary alitawala miaka mingi hadi Linda alipompiku mwaka 1947. Jennifer akashika nafasi ya kwanza kuanzia 1970 hadi 1984. Leo Linda na Jennifer ni majina ya bibi na mama, yanayotamkwa kwa heshima, kana kwamba yameshuka na mababu. Waliowapa watoto majina hayo walikuwa wazazi vijana, nao waliyapenda kwa sababu yalikuwa mapya masikioni.

Kuna takwimu moja ambayo kila nikiirudia inanigusa. Mwaka 1880, katika kila wavulana 100 waliozaliwa Marekani, wanane hivi waliitwa John. Liam, jina linaloongoza tangu 2017, hupewa kama mmoja tu kati ya 100. Yaani hata jina linalovuma kuliko yote siku hizi ni adimu likilinganishwa na la zamani. Mfikirie binti aliyesoma darasa lenye akina Jennifer watatu. Mwalimu akiita, vichwa vitatu vinageuka. Kwenye daftari anaongezewa herufi ya jina la baba ili atofautishwe na wenzake. Akija kuzaa, akahangaika miezi tisa kumtafutia mwanawe jina ambalo likiitwa atageuka yeye peke yake, sioni dharau kwa wazee hapo. Naona mtu anayekumbuka.

Wala si kweli kwamba vijana wanakimbia ya zamani yote. Emma lilikuwa la tatu kwa wasichana mwaka 1880. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 lilikuwa limeporomoka hadi nafasi ya 400 na kitu, maana lilinukia uzee. Mwaka 2008 likawa la kwanza. Waliolifufua ni hao hao wazazi vijana, wakaliruka jina la mama na kulishika la mama wa bibi.

Kwa hiyo bibi, kabla hajalikataa jina, aulize limetoka wapi. Pengine atatajiwa mama yake mzazi.