Likizo hii, teremkeni hadi Matema

Kila likizo ikikaribia, rafiki zangu wa Dar es Salaam hutaja Zanzibar na Arusha. Kwenda huko ni vizuri. Mimi nitazidi kuwasihi wapande basi la Kyela, washuke Tukuyu, kisha waendelee hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Asubuhi Tukuyu utavaa sweta. Ukungu umelala juu ya migomba na mashamba ya chai, na nyuma yake upo Mlima Rungwe, unaokaribia mita 3,000. Katika msitu wake anaishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 2003, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja siku nyingi. Panda kosta ya Kyela. Barabara inateremka, masikio yanaziba, sweta inavuliwa, na mchana unajikuta unatoka jasho kati ya mashamba ya mpunga na kokoa. Mvua za milimani ndizo zinazojaza Mto Kiwira, ule unaopita chini ya Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba, nao huishia humo humo ziwani. Ukiifuata njia hiyo kwa macho yako, unaelewa kwa nini mchele wa Kyela unasifiwa nchi nzima.

Matema ndiko ninakokupenda zaidi. Milima ya Livingstone imeshuka wima hadi majini, na asubuhi kivuli chake huchelewesha jua. Nilikwenda Ikombe kwa mtumbwi, kijiji cha Wakisi wafinyanzi. Mama mmoja alikuwa amekaa chini, chungu kibichi mapajani, mkono mmoja ndani ukisukuma udongo, mwingine nje ukiulainisha. Hakuwa na gurudumu wala kipimo, na mdomo wa chungu ulitoka duara kamili. Nikamsalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile, mama." Akacheka, akaniitikia bila kuinua mikono.

Nataka Watanzania tuione kazi hiyo kwa fedha zetu wenyewe, tulale kwenye nyumba za wageni za pale, tule mbasa aliyevuliwa usiku huo. Ufinyanzi huo hauwezi kuishi kwa kusifiwa tu. Mama yule anahitaji mnunuzi.

Vyungu huuzwa Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Matema, kila Jumamosi. Basi fikeni Ijumaa, mbebe na nguo kuukuu za kuvifungia, maana kosta ya kurudi inarusha.