Kweleakwelea wa Usangu na watu wa darubini

Kila mpunga wa Mbarali, kwenye bonde la Usangu mkoani Mbeya, unapoanza kuinamisha masuke, kweleakwelea, ndege wadogo walao nafaka kwa makundi makubwa, hufika, na ugomvi uleule hurudi. Wakulima wa Igurusi, Ubaruku, Rujewa na Madibira wanataka ndege ya kunyunyizia dawa iletwe, na iletwe leo. Kando yao wapo watu wachache wenye darubini na madaftari: waongoza watalii wanaojua ndege, walimu wanaolea klabu za Malihai, zile za wanafunzi za uhifadhi, vijana wanaojitolea kuhesabu ndege katika ardhi oevu ya Usangu. Hawa wakitamka tu neno "subirini", wanaambiwa wanapenda ndege kuliko watu.

Nimekaa pande zote mbili. Utotoni nimeamia ndege katika jaruba la bibi yangu, juu ya dungu, na kopo la mawe mkononi. Ukubwani nimefuatana na hao wa darubini wakienda shuleni na wakienda porini. Naandika kwa sababu naona hawa wa pili hawasikilizwi sawasawa, na hasara ya kutowasikiliza inamwangukia mkulima mwenyewe.

Mkulima kwanza, maana madai yake ni ya kweli. Mpunga ukiwa katika hatua ya maziwa, kweleakwelea huiminya punje kwa mdomo na kufyonza kilichomo. Ukishakomaa, humenya punje na kudondosha maganda. Ekari moja iliyokodishwa kwa fedha ya mkopo, ikalimwa kwa pawatila ya kukodi na kutiwa mbolea ya kukopa, inaweza kuliwa mpaka isibaki cha kuvuna. Mtu aliyefikwa na hilo ukimwambia kwamba hasara ya kweleakwelea, ikigawanywa kwa nchi nzima, ni asilimia ndogo ya mavuno ya nafaka, umemtukana. Ni kweli ni ndogo. Lakini haigawanywi kwa nchi nzima. Inamwangukia yeye na majirani zake wawili watatu, kisha inaruka vijiji kumi.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwenye swali la hasara inamwangukia nani.

Katika vikao vya kilimo kuna hesabu moja inayorudiwa sana. Kweleakwelea mmoja ana uzito usiofika hata gramu 25, na kwa siku hula takriban gramu 10 za mbegu. Ndege milioni moja, basi, wanakula tani 10 kwa siku, sawa na magunia 100 ya kilo 100. Ukiisikia mara ya kwanza, unaomba dawa kabla kikao hakijafungwa. Kuzidisha kwenyewe hakuna kosa. Kosa limejificha nyuma yake: tunachukulia kwamba kila gramu katika zile 10 imetoka jarubani. Kweleakwelea ni ndege wa nyasi za porini. Chakula chake cha asili ni mbegu ndogo za nyasi zinazoota na kufa ndani ya mwaka mmoja, na maadamu mbegu hizo zipo ardhini, huzipendelea kuliko mpunga. Hugeukia mazao mbegu za nyasi zinapopungua, au mvua za kwanza zinapozichipusha zote kwa mkupuo na kumwacha bila chakula. Ndege milioni moja wanaweza kulala kilomita chache kutoka shambani kwako na wasikuguse wiki nzima. Wiki inayofuata wakakumaliza. Kwa hiyo idadi yao peke yake haikuambii kitu. Unahitaji kujua nyasi za porini zimeisha lini, na siku hiyo shamba la nani lilikuwa bado na suke.

Jibu la swali hilo la mwisho, Usangu, linapatikana kwenye mfereji. Maji yetu ni ya zamu. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya bonde hili, umekuwa ukikauka kule chini ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993, na ubishi kuhusu nani apate maji, lini na kiasi gani, kila mtu hapa anaujua. Anayelima kichwani mwa mfereji hupandikiza mapema na kuvuna mapema. Anayelima mkiani husubiri, hupandikiza wenzake wakishapalilia, na mpunga wake unajaza punje wakati majaruba ya juu yamebaki mabua. Kufikia hapo makundi yameshaongezeka kwa makinda ya msimu, nyasi za karibu zimeshapukutisha na kuliwa, na bonde zima limebakiza vipande vichache vya kijani. Ndege wote waliokuwa wametawanyika kwenye maelfu ya ekari wanakutana kwenye ekari zake mbili. Aliyepata maji mwisho anapokea ndege wa kila mtu. Mara nyingi ndiye pia mwenye ekari chache zaidi na watoto wengi zaidi walioacha darasa kuja kumsaidia kuamia.

Jambo hili sikulijua nilipokuwa juu ya dungu. Nililielewa baadaye, nilipokaa na vijana wenye madaftari ambao kwa misimu kadhaa walikuwa wakiandika tarehe, mahali, ukubwa wa kundi na hali ya mashamba ya jirani. Hawakuwa wakitafuta sababu ya kumtetea kweleakwelea. Walikuwa wakihesabu ndege wote wa bonde, na mfereji ukajitokeza wenyewe katika hesabu zao. Bwana shamba mmoja anayehudumia vijiji vingi kwa pikipiki moja hawezi kuliona hilo, na simlaumu.

Tazama pia jinsi taarifa inavyosafiri. Mkulima anaona uharibifu, anamwambia bwana shamba, halmashauri inaandika, barua inafika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na ikihitajika ndege ya kunyunyizia, mara nyingi imeombwa ya shirika la kudhibiti nzige wa jangwani, ambalo linahudumia nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Kweleakwelea hasubiri. Kuanzia kujenga viota kwenye miiba hadi makinda kujitegemea ni takriban wiki sita tu. Mayai matatu hivi, siku 10 hadi 12 za kuatamia, wiki mbili nyingine na kinda yuko nje ya kiota. Taarifa ikianzia shambani, kwenye uharibifu, imeanzia mwisho wa safari. Ikianzia kwenye kiota, zimebaki wiki za kufanya kitu: kuharibu viota eneo likiwa bado dogo, kuwaandaa walinzi, kuvuna mapema pale panapowezekana, au kunyunyizia mahali padogo panapojulikana, siku hizi hata kwa ndege nyuki, badala ya kufukuzana na kundi lililokwisha kutawanyika. Mtu wa kuiona hatua ya kiota ni yule anayetembea porini kila wiki na anayeweza kumtofautisha kweleakwelea na kweche au mnana. Nje ya msimu wa kuzaliana, ndege hao wote ni vidogo vya kahawia vyenye michirizi, na watu wengi huwaita jina moja.

Ndiyo maana nasema kazi ya hawa watu ni sehemu ya ulinzi wa mazao. Ni mlango wake wa kwanza, na tumeuacha umefungwa.

Sasa dawa. Inayotumika zaidi barani humu dhidi ya kweleakwelea ni fenthioni, sumu ya mishipa ya fahamu, inayomwagwa jioni ndege wakirudi kulala. Haiwachagui. Wanaolala nao kwenye mti huo au kwenye matete hayo wanakufa nao. Kisha wanakuja wanaokula mizoga na wagonjwa: bundi, kozi, mwewe, tai, kongoti. Bundi na mwewe ndio wanaotupunguzia panya wa ghalani, kwa hiyo mpunga unaoupigania shambani unaweza kuupoteza tena ndani ya gunia. Usangu ni makazi pia ya korongo taji, ambaye tangu mwaka 2012 yumo katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Na juu ya yote, watu wanakula kweleakwelea. Ni kitoweo. Kule Kondoa wenyeji huwatega kwa nyavu na kwa vikapu vya nyasi kwenye maji wanapokuja kunywa, wakawauza. Mahali watu walipozoea kuokota ndege, mti ulionyunyiziwa jana ni hatari iliyo mlangoni mwa jiko.

Lakini nisiipunje hoja ya upande wa dawa. Kundi kubwa likiwa limeshatua karibu na mpunga usiovunwa, na wiki za kiota zimeshapita, sioni namna ya kumwambia mkulima avumilie. Mitego ya Kondoa ni kazi nzuri, inaleta protini na senti, ila haiwezi peke yake kuzuia mamilioni, na mhifadhi anayeiuza kama dawa ya kila kitu anawadanganya watu. Hata hivyo, tusijidanganye kwa upande huu pia. Makadirio yanayotajwa sana ya kweleakwelea wa Afrika ni ndege bilioni 1.5. Wamepigwa sumu, moto na baruti tangu miaka ya 1950, na bado wapo. Kuua milioni huokoa shamba lililo mbele yako wiki hii ikiwa umewahi. Mwakani ndege watakuwepo, na mkia wa mfereji utakuwa palepale.

Nina lawama kwa watu wa darubini pia, na naitoa kwa upendo. Mwezi wa Mei mwalimu wa mazingira anaingia darasani na mabango yake na kukuta nusu ya madawati matupu. Anasikitika, anaandika utoro, anafundisha waliopo. Picha zake ni za heroe na korongo. Watoto waliokosekana wako kwenye madungu kuanzia alfajiri hadi magharibi, na hao ndio wanaomjua ndege kuliko wote: kundi linatoka upande gani, linapumzika mti gani kabla ya kushuka, linashuka saa ngapi kukiwa na wingu. Mtoto wa miaka kumi anaweza kukueleza kwa mlio wa mabawa tu kama ni wao au ni njiwa. Hatujawahi kumpa daftari. Sitetei mtoto kukosa shule, mahali pake ni darasani. Ila maadamu yuko pale juu, anayejiita mwalimu wa ndege angepaswa kupanda dungu siku moja, akae naye, amuulize na aandike.

Ni rahisi kumfundisha mtu kumpenda mbayuwayu wa bluu kule Kitulo. Hifadhi ile ya Bustani ya Mungu, iliyotangazwa mwaka 2005, ina maua na ubaridi na wageni, na mbayuwayu mwenyewe anakula wadudu hewani, hagusi viazi vya mtu. Watu wengi wa uhifadhi wanaokuja nyanda za juu hupitia huko. Usangu inawapa kazi ngumu zaidi, na wanaokubali kuifanya ni wachache mno.

Na wanaoikubali wanakuta historia inawasubiri. Mwaka 2008 lililokuwa Pori la Akiba la Usangu liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ikafikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na tangazo lile la serikali namba 28 bado linatajwa vijijini kwa kifupi cha "GN 28" kama mtu anayetaja jina la ugonjwa. Kwa aliyewahi kuambiwa kwamba shamba lake liko ndani ya mpaka, kijana mwenye darubini na daftari anafanana sana na mtu aliyekuja kabla ya bikoni za mpaka kusimikwa. Akiona ndege wanaamka matete ya hifadhini na kuja kula kwake, na yeye haruhusiwi kuwafuata huko, ataona daftari lile liko upande wa ndege. Hofu hii ina mizizi, na semina ya siku moja yenye soda na posho haitaing'oa.

Kinachoweza kuipunguza, nadhani, ni daftari kuonekana linamfaa mkulima. Halmashauri inatoza ushuru kila gunia la mpunga linapotoka. Sehemu ndogo ya ushuru huo ingetosha kuwalipa watazamaji wawili kwa kila kata kuanzia Februari hadi Julai, vijana wa papo hapo, baiskeli na simu, taarifa zao zikibandikwa ofisi ya kijiji kila Jumatatu. Lakini kikubwa zaidi kwangu ni jumuiya za watumia maji. Vikao vyao vya kupanga zamu huzungumzia mageti, michango na faini; ndege hawamo, kwa kuwa ndege ni habari ya Juni. Na kalenda ya zamu inaamua ni nani atakuwa na suke la kijani Juni, na kama mashamba ya mkiani yataiva karibu karibu na mengine au yataachwa peke yake.

Kalenda hiyo hupangwa kabla mbegu ya kwanza haijamwagwa kitaluni. Siku hiyo ndiyo mtu wa darubini anatakiwa awe ameitwa, akae kando ya mkulima wa mwisho wa mfereji, na daftari la msimu uliopita likiwa wazi mezani.