Usiniulize kama inaelea

Kuna swali ninaloulizwa kuliko ninavyoulizwa habari za nyumbani. Nikisimama kujaza mafuta Bahi, nikishuka kununua maji barabarani, hata msibani nimewahi kuvutwa pembeni: "Eti kaka, ile mashine yako inaelea kweli?" Inaelea. Nimechoka kujibu, kwa hiyo naandika mara moja, na anayetaka kununua ya kwake asome mpaka chini kabla hajauza ng'ombe.

Yenyewe ni kigari cha kupita kwenye tope na majini, ina tairi sita, bodi ya plastiki ngumu kama beseni kubwa lisilo na milango, injini ya petroli, kiti cha watu wawili mbele na nafasi ya mzigo nyuma. Watoto wa Bahi Sokoni walihesabu tairi wakaiita Mende, maana mende naye ana miguu sita. Jina likashika, hata mke wangu analitumia, ingawa kwake lina maana nyingine. Chapa sitaitaja. Mimi na binamu yangu tuliinunua kutoka kwa mradi wa upimaji uliokuwa ukifunga shughuli, tukaambiwa imetembea kidogo tu. Kauli hiyo nitaifikia kwenye cheni.

Asili ya mashine hizi ni Kanada. Jiger zilianza kutengenezwa kule mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Argo za kampuni ya Ontario Drive & Gear zikafuata mwaka 1967. Argo zipo hadi leo, za tairi sita na za tairi nane. Wamarekani nao walikuwa na Max, ya tairi sita, iliyoendeshwa kwa vijiti viwili badala ya usukani. Wateja wa kwanza walikuwa wawindaji na watu wa mashambani wenye vinamasi na theluji. Hakuna aliyemfikiria mtu wa Bahi, na hakuna aliyeufikiria mwiba wa mgunga.

Sisi tuliinunua kwa sababu ya mpunga. Anayeijua Bahi anajua kwamba Mto Bubu ukifika pale hauna pa kwenda. Hauingii baharini, unatandazika bondeni na kukaukia humo humo. Dodoma nzima inalia ukame, lakini kuanzia Desemba mpaka Aprili njia ya kwenda majaruba yangu inageuka kitu ambacho sijui nikiite nini. Si ziwa, kwa sababu mtumbwi unakwama. Si nchi kavu, kwa sababu trekta linazama mpaka kwenye ekseli, na nimeshuhudia trekta la pili lililokuja kulivuta la kwanza likilala pale pale siku nne. Pawatila nayo inajichimbia kaburi. Inabaki migongo ya vijana, mfuko mmoja wa mbolea kwa safari moja, na bei yao hupanda kadiri tope linavyopanda. Siwalaumu.

Mende ilipofika ikapita juu ya tope hilo kana kwamba halipo. Siri yake iko kwenye upepo wa tairi. Gari dogo linajazwa PSI 30 hivi. Hii inajazwa 3 au 4, tairi ni pana na laini, ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea. Siku ya kwanza nilishuka nikaangalia nyuma. Alama za tairi zilikuwa zimekwaruza tope juu juu tu, na alama za viatu vyangu kando yake zilikuwa mashimo yanayojaa maji. Mashine ya nusu tani na watu wawili ndani, na mimi peke yangu nazama kuliko yenyewe! Hapo ndipo hela yangu ilipofanya kazi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu hilo.

Maana kuelea kwenyewe ni kazi ya uvivu. Majini inasukumwa na meno ya tairi zake tu, zinazunguka kama makasia yasiyo na haraka, mwendo wa kilomita nne au tano kwa saa. Mtu anayetembea ukingoni anakuacha. Kugeuka kunachukua muda mpaka unaanza kumwomba Mungu. Upepo ukivuma, na Dodoma unavuma, unapelekwa unakotaka wenyewe, kwa sababu beseni jepesi halina cha kushikilia majini. Unaweza kufunga injini ya boti nyuma, lakini hiyo ni gharama nyingine na fundi mwingine. Na mzigo unapungua: nchi kavu nabeba magunia matatu ya mpunga bila wasiwasi, majini mawili na mimi nikiwa sijashiba. Kuna rafiki alinishauri niipeleke bwawa la Mtera tukavulie samaki. Mtera kuna viboko. Kukaa ndani ya kitu cha plastiki, chenye ukuta wa chini namna ile, kinachokwenda mwendo wa mgonjwa, mbele ya kiboko mwenye ndama? Nikamwambia atangulie.

Kwangu kuelea ni bima. Unapita kwenye maji ya goti, chini kuna korongo ambalo jana halikuwepo, tairi za mbele zinakosa pa kukanyaga, na badala ya kuzama unaelea mita kumi hadi zishike tena. Hizo mita kumi ni muhimu sana. Lakini usiinunue kwa ajili ya hizo.

Na bima yenyewe ina kizibo. Chini ya bodi, kwa nyuma, kuna tundu la kutolea maji ukishaosha ndani. Machi ya mwaka wetu wa kwanza niliosha jioni, nikafungua kizibo, nikakiweka juu ya ndoo. Asubuhi nikapakia mifuko mitatu ya urea, nikaondoka mwenyewe. Kwenye tope hakuna tatizo. Nilipofika pale panapoelea, katikati hivi, nikahisi baridi miguuni. Jua la Bahi saa tano, na miguu inaganda! Nikafikiri nimeshikwa na malaria. Kumbe maji yameingia, mfuko wa chini ulikuwa umetoboka, na urea ikiyeyuka majini hupoza maji kama barafu. Basi nilikuwa nimekaa ndani ya beseni la mbolea yangu mwenyewe, maji yanapanda taratibu kwenye vifundo. Nikawasha pampu ya kutolea maji. Kimya. Fyuzi yake nilikuwa nimeihamishia kwenye taa wiki mbili kabla, nikisema nitanunua nyingine. Nikashuka, maji yakanifika kifuani, nikaisukuma mpaka kwenye nyasi huku kijana mmoja mchunga mbuzi akinitazama bila kusema neno. Baadaye alisema. Aliwaambia wote.

Sasa kizibo kimefungwa kwa kipande cha mpira kwenye funguo. Huwezi kuwasha bila kukishika.

Nilidokeza habari ya mwiba. Tairi laini kama ile ni sherehe kwa mgunga. Mwiba mrefu mweupe unaingia kama sindano kwenye embe. Msimu wa kwanza tulipata pancha mpaka nikaacha kuhesabu, na kila moja ilinifundisha kwamba fundi wa bodaboda ni mtu hodari asiyeamini PSI 4. Kijana mmoja alinizibia vizuri kabisa, nikaenda kunywa chai, nikarudi nikakuta amejaza zote sita mpaka zikawa ngumu kama mbao. "Kaka, zilikuwa zimeisha upepo zote, nimekusaidia." Nilipotoka pale, mashine haina springi wala shokapu, springi zake ndizo hizo tairi, kwa hiyo nilirushwa kama punje ya bisi kutoka dukani mpaka nyumbani, na ni bahati hazikupasuka. Sikuhizi natembea na geji ya kwangu, ile ndogo ya upepo mdogo, maana ya kawaida haisomi chini ya kumi kwa uaminifu. Na tairi zote tumezitia ile dawa ya maji ya kuziba pancha kwa ndani. Imesaidia sana, ingawa mwiba uliovunjikia ndani bado unahitaji koleo na subira.

Sasa cheni, ambazo ndizo nilitamani kuulizwa siku ya kwanza.

Watu wakiona tairi sita zinazunguka wanadhani kila ekseli ina difu yake kama ya gari. Hakuna. Nguvu inatoka kwenye giaboksi kwa cheni, cheni inazungusha ekseli moja, ekseli hiyo inazungusha nyingine kwa cheni nyingine, kila upande na zake. Zote zimelala chini ya sakafu, ndani ya beseni lile lile unaloingia na viatu vya tope. Fikiria mwenyewe. Kifuku, maji na tope vinadondoka humo. Kiangazi, vumbi la Dodoma, lile jembamba kama unga wa dona, linashikana na mafuta na kuwa msasa. Cheni inasagika, inarefuka, inaanza kulegea, na ikilegea sana inaruka meno ya sproketi. Utasikia "tak!" moja chini ya matako, kisha mbili, kisha safari imekwisha na uko katikati ya bonde.

Ile mashine iliyotembea kidogo tu, siku tulipofungua sakafu yake kwa mara ya kwanza, cheni za nyuma zilikuwa nyekundu kwa kutu na moja ilikuwa imeungwa kwa kiungo cha pikipiki. Aliyeniuzia najua aliijua. Nasi tulikuwa tumeizunguka mara tatu tukipiga tairi mateke na kuuliza swali gani? Kama inaelea.

Kwa hiyo kila jioni ya siku iliyoingia majini, kazi inaanza mashine ikishazimwa. Kufungua sakafu, kutoa maji, kufuta cheni kwa tambara, kupaka mafuta, kupima ulegevu wake kwa kidole, kisha grisi kwenye beringi za ekseli mpaka ile ya zamani itoke na maji yake. Usipotia grisi, sili zinakufa, na sili ndiyo inayozuia maji yasiingie pale ekseli inapotoboa bodi. Saa nzima, ukiwa huna utani. Majani makavu nayo unayatoa karibu na ekzosi, maana injini imefungiwa ndani ya plastiki na joto letu si la Kanada. Binamu yangu anapenda kuendesha. Saa hii ya jioni huwa ana simu ya kupiga.

Kuhusu kugeuka nisiseme mengi. Tairi hazikati kona, upande mmoja unafungwa breki na mwingine unaendelea. Dereva wa gari akiingia humo hupunguza mafuta kwenye kona, na huku unatakiwa uongeze. Binamu yangu alijifunza hilo kwa kubomoa banda la kuku. Kwenye tope inageuka kama mchezo, kwenye changarawe ngumu inakwangua tairi na kuchemsha breki, na ndiyo maana kwenda mjini naipakia kwenye Canter. Niliwahi kuendesha ya tairi nane siku moja. Inavuka mtaro vizuri zaidi na inabeba zaidi, lakini kwenye ardhi kavu inabisha kona kama punda. Kwa mkulima wa huku sita zinatosha, na cheni ni chache.

Je, ningeshauri mtu anunue? Mtu mmoja mmoja, hapana, na nasema hivyo nikiwa naipenda. Mpya inaanzia zaidi ya dola elfu kumi huko inakotoka, kabla ya meli na ushuru, na kwa hela hiyo unatafuta trekta lililotumika likulimie miezi yote. Lakini kila nikikumbuka Katesh, Desemba 2023, lile tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang na kufunika nyumba na watu, nawaza. Mashine kama hii si ya kuokoa mji, lakini kubeba maji, dawa na majeruhi juu ya tope ambalo gari linazama na mtu anazama, hiyo ndiyo kazi iliyozaliwa nayo. Au reli kati ya Gulwe na Kilosa, ambayo mafuriko yameshaikata sijui mara ngapi. Ningependa kuona mbili tatu zimewekwa mahali Kanda ya Kati. Halafu najiuliza: kwenye ofisi, mali ya wote, nani atafungua sakafu jioni? Nimeiona ile ya mradi. Ilikuwa mali ya wote.

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama chini ya mti karibu na stesheni ya Bahi. Akaja mzee mmoja, mstaafu wa reli, na baiskeli yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akaizunguka polepole. Nikasubiri swali, nikawa nimeshaandaa jibu. Akainama, akachungulia ndani, akanusa.

"Cheni zake unapaka oili gani?"

Nikafungua sakafu bila kuombwa. Akaegesha baiskeli, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaisukuma moja kwa kidole na kutikisa kichwa. "Hii ya nyuma kushoto imelegea." Ilikuwa imelegea kweli. Nikampa spana.